Mlima Hauna Bei Moja

Ripoti nyingi kuhusu misitu ya milima ya Mkoa wa Tanga huanza kwa namna moja. Msitu una mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Msitu ni chanzo cha mito. Msitu umehifadhi hewa ukaa inayoweza kuuzwa. Kabla msomaji hajageuza ukurasa, inakuja orodha ya vitisho: ongezeko la watu, mashamba, kuni, mkaa, moto. Thamani imewekwa upande wa miti, hatari imewekwa upande wa watu, na katikati yake pamechimbiwa vigingi vya hifadhi.

Mtazamo huu umezoeleka kiasi kwamba wengi hawauoni tena kuwa ni mtazamo. Umo katika mipango ya usimamizi, katika maombi ya fedha kwa wafadhili na katika hotuba za siku ya kupanda miti. Unatuambia kwamba thamani ya mandhari ya mlima hupimwa na mtaalamu kwa kipimo chake, na kwamba kazi ya mwanakijiji ni kuelimishwa juu ya thamani hiyo ili asiiharibu. Mimi naupinga. Kwa vigezo vya sayansi yenyewe ni tathmini pungufu. Historia ya milima ya Korogwe, Handeni na majirani zao inaukana. Na ukiendelea kutawala, tutaipoteza misitu ile ile tunayodai kuilinda.

Yapo ambayo sina ugomvi nayo. Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ni hazina isiyo na mfano. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara, na wataalamu wa mimea wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo ua hilo limo madirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani, ilhali kwa asili yake huota kwenye miamba yenye kivuli katika milima hii na maeneo machache jirani. Suala la maji nalo halina mjadala. Mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki hujaza bwawa la Mabayani, na Jiji la Tanga hunywa humo. Mto Pangani, unaopita Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Handeni, wilaya iliyoteswa na kiu kwa miaka mingi, imetegemea maji yanayovutwa kutoka mto huo huo upande wa Korogwe kwa mradi unaojulikana na kila mtu kwa herufi tatu, HTM.

Kwa hiyo sidai kwamba viumbe adimu ni hadithi au kwamba maji si thamani. Ninachokataa ni neno "ndizo" katika sentensi isemayo kwamba hizi ndizo thamani za mlima. Ni baadhi tu. Anayeziita zote anawafuta watu na karne zao, na hata kwa jicho la mhasibu hesabu yake haikamiliki.

Tuanze na historia, kwa sababu mtazamo tunaoujadili huisimulia kinyumenyume. Tunaambiwa kwamba wataalamu walikuja kuokoa msitu usimalizwe na wenyeji. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo kule Amani. Kwao mlima ulikuwa na thamani ya bustani ya majaribio: mazao gani ya biashara yatastawi, mbao gani zitakua haraka. Katika majaribio ya namna hiyo uliletwa mti wa musizi. Miongo kadhaa baadaye, pale misumeno ilipofungua msitu, musizi ulisambaa kama mwenye nyumba, mbegu zake zikibebwa na hondohondo, na hadi leo ni mzigo kwa misitu ya asili ya Amani. Si mkulima wa Kisambaa aliyeuleta.

Baada ya uhuru kipimo kilikuwa mita za ujazo za magogo. Kampuni ya umma ya Sikh Saw Mills ilivuna misitu ya Usambara Mashariki kwa mitambo, ikisaidiwa na fedha za maendeleo kutoka Finland, na ilikuwa na wataalamu na takwimu za kutosha. Uvunaji huo ulisitishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, baada ya madhara kuonekana wazi. Miaka kama kumi baadaye, mwaka 1997, ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, ikigusa wilaya za Muheza na Korogwe. Mlima ule ule, ndani ya kizazi kimoja, ulihama kutoka kiwanda cha mbao hadi hazina ya dunia. Mwaka 2000 UNESCO ikaiingiza Usambara Mashariki katika orodha yake ya hifadhi za binadamu na viumbe hai. Miti iliyosimama haikuwa imebadilika. Aliyebadilika ni mwenye kipimo, na kila mara alikuwa na hakika ile ile kwamba kipimo chake ndicho sahihi.

Mfano wa Mlalo, Lushoto, ni mchungu zaidi. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ililazimisha mpango wa kuhifadhi udongo katika Usambara. Wataalamu waliona mmomonyoko, na kweli ulikuwepo. Wakaagiza matuta kwenye miteremko, kwa sheria na faini. Hawakuuliza kazi hiyo ingemwangukia nani, wala mashamba ya bondeni na ya mlimani yaligawanywaje ndani ya familia. Wakulima walipinga, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ukavunjika. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza Wasambaa kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba watu wale walikuwa na kipimo chao cha hali ya nchi tangu enzi za wafalme. Mtawala alipimwa kwa mvua, kwa mavuno na kwa usalama wa njia. Nchi ikistawi alisifiwa kuwa anaiponya, ikikauka alilaumiwa kuwa anaiharibu. Hii ni tathmini ya mandhari. Ilikuwepo muda mrefu kabla ya hojaji ya kwanza kuchapwa, na ilikuwa na meno, kwani iliweza kumtikisa mfalme.

Sasa tutazame kile ambacho mizani ya kawaida haikidaki. Kitabu cha Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, kinasimulia safari ya Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyeondoka Nguu, akapita Kilindi na Zirai, akafika Bumbuli na Vuga, ambako Wasambaa walimfanya mfalme. Milima ya Nguu leo imo Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Kwa Mzigua na Msambaa, safu mbili za milima ambazo mtaalamu wa ndege huziona kama vipande viwili vya misitu vilivyotenganishwa na nyika ni nchi moja iliyofungwa kwa simulizi, ndoa na utani. Ramani ya bioanuwai haina alama ya kitu hicho. Lakini muulize mzee wa upande wowote akueleze mlima fulani una maana gani, naye ataanza hapo.

Handeni ina ushahidi mkubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu misitu inayolindwa kwa jadi katika Upare Kaskazini na Handeni ulirekodi misitu midogo kwa mamia: ya matambiko, ya mazishi, ya jando, ya kuombea mvua. Mingine haifiki hata ekari moja. Wazigua walikuwa wameilinda bila bwana misitu, bila doria na bila senti ya mfadhili, katika wilaya ambayo mkaa na mashamba vilikuwa vimekwishakula sehemu kubwa ya miti iliyobaki. Jiulize: kama thamani ya msitu ni ile inayojulikana na mtaalamu peke yake, vichaka hivi vilisalimikaje? Vilisalimika kwa sababu vilikuwa na thamani ambayo hakuna mtaalamu aliyekuwa ameihesabu. Na vinapotoweka leo, mara nyingi ni kwa sababu thamani hiyo imedharauliwa, wazee wamenyamazishwa, na mpango wa matumizi ya ardhi umeandika mahali pake "eneo la wazi".

Pwani ya Kenya walilielewa hili. Misitu ya kaya za Wamijikenda, midogo na iliyotunzwa na wazee kwa miiko, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na sababu iliyotajwa ilikuwa utamaduni wake. Bioanuwai ilifuata nyuma kama faida ya ziada. Misitu ya Wazigua haikupewa heshima hiyo, ingawa imesimama kwa miiko ya aina ile ile.

Na kuna thamani ya mlima kama mahali pa kupona. Kule Lutindi, juu ya bonde la Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na kuanzia 1904 yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, inayotajwa kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Ipo hadi leo, na kazi ya mikono katika hewa ile ni sehemu ya tiba. Katika jedwali la huduma za msitu, hospitali ya Lutindi utaiweka safu gani?

Msomaji anaweza kusema kwamba hizi ni hisia, na sayansi haifanyi kazi kwa hisia. Jibu limekwisha kutolewa na sayansi yenyewe. Mkataba wa Mandhari wa Ulaya, uliosainiwa Florence mwaka 2000, unaitambua mandhari kuwa ni eneo jinsi linavyoonwa na watu. Ukiwaondoa watu, kinachobaki ni udongo na majani. Mwaka 2022 jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, lilitoa ripoti kuhusu namna dunia inavyothamini maumbile. Katika tafiti zaidi ya 1,000 za tathmini zilizochunguzwa, ni asilimia 2 tu zilizorudi kwa wahusika kuwauliza juu ya matokeo, na asilimia 1 tu zilizowashirikisha katika kila hatua. Ripoti hiyo iliandikwa na wataalamu wa tathmini wakiichunguza kazi ya wenzao. Kwa hiyo anayedai kwamba kupima mlima bila wenyeji ndiyo sayansi anatetea zoea ambalo sayansi yenyewe imelitaja kuwa ni kasoro.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni hii: ukiwauliza wanakijiji, watakwambia wanataka shamba, mkaa na dhahabu. Watakutajia matambiko asubuhi na kuwasha tanuri la mkaa jioni. Hoja hii siidharau. Sote tunakumbuka jinsi wachimbaji wa dhahabu walivyovamia vyanzo vya Mto Zigi kule Sakale mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuni na mkaa vinavyotoka milimani ni halisi, na ni vingi. Watafiti waliothamini mazao madogo ya misitu ya Tao la Mashariki walikadiria kwamba mkaa, kuni, nguzo na nyasi za kuezekea huwapa wakazi wa jirani faida ya karibu dola milioni 42 kwa mwaka.

Lakini tazama takwimu hiyo inasema nini. Inasema kwamba msitu ni bajeti ya jiko la mama wa Bungu na wa Magoma kule Korogwe. Ukiufunga, kuna mtu analipa, na anayelipa ndiye mwenye kidogo kuliko wote. Tathmini inayojumlisha hewa ukaa ya dunia, maji ya mjini na viumbe adimu kisha ikatangaza kwamba faida ya hifadhi inazidi gharama imefanya hesabu sahihi ya kujumlisha na dhuluma katika kugawanya. Faida imeenda Tanga mjini, Dar es Salaam na Ulaya. Gharama imebaki kitongojini. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Usishangae basi mwanakijiji akichoka kulinda kile ambacho wengine wanakila.

Derema ilituonyesha hili waziwazi. Huo ni ushoroba wa msitu unaoiunganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, na wakulima zaidi ya elfu moja walikuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha miti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliamuliwa waondoke. Kwa upande wa viumbe, uamuzi ulikuwa na mantiki. Kwa upande wa watu, tathmini ilijikita katika mimea yao, mimea hiyo ikahesabiwa na kulipiwa kwa viwango vilivyolalamikiwa, kwa awamu zilizochukua miaka. Wakaahidiwa ardhi Kibaranga, katika shamba la zamani la mkonge huko chini. Mkulima wa iliki, anayejua ukungu, kivuli na udongo wa mlimani, alithaminiwa kana kwamba ujuzi wake ungehamia juani pamoja naye. Shina la iliki lilikuwa na bei. Kujua mahali linapoota hakukuwa nayo.

Handeni imeona kosa hilo hilo kwa sura nyingine. Tangu Juni 2022, familia kutoka Ngorongoro, nchi ya misitu ya mlimani na malisho ya kale ya Wamaasai, zimehamishiwa Msomera. Serikali ilisema wanahama kwa hiari; mashirika ya haki za binadamu yalisema vinginevyo. Mimi nataka kuonyesha kipimo kilichotumika. Ngorongoro ilipimwa kwa wanyama, watalii na idadi ya mifugo. Msomera ilipimwa kwa nyumba ya vyumba vitatu, ekari mbili na nusu za makazi na ekari tano za shamba. Nchi mbili zenye makaburi, njia za mifugo, majina ya vilima na kumbukumbu za mvua ziligeuzwa kuwa pande mbili za hesabu ya ekari. Aliyehama alipoteza vitu visivyokuwemo kwenye fomu. Mwenyeji aliyempokea naye aliona nchi yake ikitangazwa kuwa nafasi, kana kwamba hakuna aliyekuwa akiiishi kwa namna yake.

Wengine watasema: basi mnataka kuwapa wanakijiji kura ya turufu juu ya kila mti. Hapana. Kumsikiliza mtu si kumkabidhi hukumu. Mto Zigi ukihitaji kulindwa dhidi ya wachimbaji, ulindwe, na sheria itumike. Ila nani hujua mapema kwamba wachimbaji wamefika? Ni mrina asali, mkata majani, mchungaji, mama anayeruhusiwa kuingia kuokota kuni. Watu hawa wana masikio mengi msituni kuliko kikosi chochote cha doria. Hutoa habari wanapoona msitu ni wao kwa maana wanayoielewa, na hukaa kimya wanapoona ni wa wengine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ililiona hili: ilifungua mlango wa misitu ya hifadhi ya vijiji na usimamizi wa pamoja. Tatizo ni kwamba mlango ulifunguliwa kwenye kazi za ulinzi ukabaki umefungwa kwenye tathmini. Mwanakijiji anaalikwa kulinda thamani ambayo hakuulizwa ni ipi.

Nini kifanyike? Tathmini yoyote ya mandhari ya mlima wenye msitu, iwe Nilo, Amani, Lutindi au vilima vya Handeni, ianze kwa kutembea. Mtaalamu apande pamoja na wazee wa kimila, wanawake, waganga wa miti shamba, warina asali, vijana na wafugaji, kila kundi kwa siku yake, kwa sababu njia ya mwanamke msituni si njia ya mwindaji. Majina ya mahali yaandikwe katika ramani kwa Kisambaa, Kizigua na Kibondei. Mahali pa mizimu patambuliwe bila kulazimisha siri zake zitolewe. Thamani zinazogombana ziwekwe wazi zikigombana: hapa mama anahitaji kuni, hapa chura asiyepatikana kwingine anahitaji unyevu, hapa pana kaburi. Kugombana huko ni habari ya kweli kuliko jumla moja ya dola.

Na pale ambapo fedha inafaa, itembee hadi juu. Kule Uluguru, mradi wa CARE na WWF uliwafanya DAWASCO na Coca-Cola Kwanza wakubali kuwalipa wakulima wa mlimani waliotunza vyanzo vya Mto Ruvu. Haukuwa mradi mkamilifu, lakini ulithibitisha kwamba anayekunywa maji anaweza kumtambua anayeyatunza. Mto Pangani unafaa kuwa unaofuata. Mradi wa maji wa miji 28 unaongeza mabomba kuelekea Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Katika mabilioni hayo ya shilingi, vijiji vya juu ya mkondo viwe na fungu lililoandikwa, linalojadiliwa na kukaguliwa kama mabomba yenyewe.

Mwisho, matokeo yarudi nyumbani. Ripoti isomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji, si kwa mwenyekiti na mtendaji peke yao, na wanakijiji wawe na haki ya kuandika humo pale wasipokubaliana. Mpaka usiwekwe, wala hewa ukaa isiuzwe, wala familia isihamishwe, kwa msingi wa tathmini ambayo wahusika hawakuisikia. Sharti hili serikali inaweza kulitekeleza hata mwaka huu, kwa sababu mikutano mikuu ya vijiji imo katika sheria zetu tayari. Mtaalamu anayeogopa kusimama mbele ya mkutano huo na kueleza mlima una thamani gani hajui thamani hiyo vya kutosha, na asipewe kalamu ya kuuandikia hatima yake.